Wimbo wa Nyaya Tatu

Nzzzzz. Ilikuwa sauti nyembamba, kama ya nyigu aliyefungiwa ndani ya kopo, na waliokaa karibu na ghala la Bwana Husseinali kule Chang'ombe waliisikia kila alasiri. Ilipoanza, kina mama waliokuwa wakipepeta mchele barazani walijua darasa la Anselmo limeingia. Ilipolia mara ya pili, walijua vijana wanatoka, na jua linakaribia kulala.

Kengele yenyewe haikuwa kitu cha kutazamwa. Msumari mnene uliozungushiwa waya wa shaba, ulimi mwembamba uliokatwa kwenye bati la biskuti, betri ya tochi, vyote vimegongelewa juu ya kipande cha ubao. Umeme ukipita, msumari unageuka sumaku na kuuvuta ulimi. Ulimi ukivutwa, njia ya umeme inakatika. Njia ikikatika, ulimi unarudi mahali pake. Ukirudi, njia inaungana. Vuta, rudi, vuta, rudi, upesi kuliko jicho. Kila kijana aliyeingia darasa lile alianza kwa kuunda kengele ya namna hiyo, na siku ilipolia mikononi mwake wenzake walimpigia makofi kama mtu aliyejaliwa mtoto. Baada ya hapo hakuna aliyeijali tena. Moja iliachwa pembeni mwa meza, iwe ya kuingilia na kutokea, basi. Mchezo wa watoto.

Mwalimu aliitwa Anselmo Nandonde, mtu wa uwanda wa juu wa Newala. Vita vya Hitler vilimchukua akiwa kijana, vikampeleka Burma kubeba magurudumu ya waya wa simu mgongoni, na huko, katikati ya matope na mvua, akajifunza kwamba waya una adabu zake. Aliporudi alifanya kazi ya kuvuta nyaya za umeme mjini Dar es Salaam. Alichimba mashimo, akasimamisha nguzo, akazipanda, mpaka siku moja akaanguka na goti la kushoto likakataa kukunjika vizuri. Wakampa asante na cheti.

Angeweza kurudi Newala akalime mihogo. Lakini kulikuwa na habari imeenea kwamba chuo cha ufundi kinapokea vijana Waafrika kwa mtihani, na kwamba katika mtihani huo umeme huulizwa. Vijana waliomaliza darasa la nane, na wachache waliofika la kumi, walikuwa wamejaa Temeke na Ilala wakizungukazunguka na vyeti vyao mfukoni. Anselmo akamwendea Husseinali, Mhindi wa Kibohora mwenye duka la vyombo vya nyumbani, akamwomba ghala lake la nyuma nyakati za alasiri. Kwa malipo, darasa lingemtengenezea vitu vibovu vya dukani.

"Utafundisha umeme humo?" Husseinali alimuuliza. "Mle hamna umeme, Anselmo."

"Najua."

"Ni kama kufundisha kuogelea juu ya paa."

"Mwenye paa ni wewe, Bwana. Nipe tu ufunguo."

Ni kweli ghala halikuwa na umeme. Waya ulipita juu ya bati lake ukaenda zake dukani, haukuteremka hata shubiri moja. Walikuwa na betri za tochi, vipande vya nyaya, soketi mbovu, picha zilizochorwa ukutani kwa mkaa. Hapakuwa na saa ya kupimia umeme wala taa ya majaribio. Kwa hiyo Anselmo alifundisha kwa njia aliyofundishwa yeye alipokuwa mwari kumbini, katika jando la kwao: kwa wimbo. Kungwi wake hakueleza kitu. Aliimba, wakaitikia, wakaimba mpaka maneno yakaingia kwenye mfupa, na mpaka leo Anselmo akiamshwa usingizini angeweza kuyatoa yote bila kukosa hata pumzi. Alichokiamini ni kwamba kilichoimbwa hakisahauliki, na kisichosahaulika hakiui.

Ndipo akatunga wimbo wa nyaya tatu, akaupigisha makofi:

*Mwekundu abeba moto, mkono usimwekee,*
*Mweusi ni wa kurudi, nyumbani umpokee,*
*Kijani mwana wa nchi, udongoni apotee.*

Ulikuwa na sheria zake kama nyimbo za kumbi. Haupunguzwi neno, hauongezwi neno, hauulizwi. Na lilikuwako neno moja lililokatazwa kabisa katika ghala lile. Neno hilo ni "sijui."

"Anayesema sijui," Anselmo aliwaambia siku ya kwanza, akisimama kwa mguu wake mzima, "atoke nje akawaulize mbuzi wa Bwana Husseinali. Huenda wao wanajua."

"Mwalimu," akasema Fransis, kijana mrefu wa Temeke asiyekosa mzaha, "na waya usipokuwa na rangi?"

"Huo ni kamba. Kamfungie mbuzi wako wa kumuuliza."

Ghala likacheka. Wakaimba. Hata watoto wa kike wa mtaani wakaudaka wimbo wakawa wanarukia kamba kwa mapigo yake, na mwaka wa tatu vijana watatu wa darasa lile walipita mtihani, wakaenda chuoni wakiwa wamevaa viatu vya kuazima. Anselmo aliwasindikiza mpaka barabarani. Alikuwa akipiga makofi polepole, kwa mapigo yaleyale.

Mwanafunzi aliyempenda kuliko wote aliitwa Bakari. Alikuwa mtoto wa mjane wa Kisarawe, mwembamba, mwenye vidole virefu na tabia ya kutazama kitu kwa muda kabla ya kukigusa. Mtihani wake ulikuwa majuma machache mbele. Anselmo hakuficha kwamba huyu ndiye angefika mbali kuliko wote, na kwamba yeye mwenyewe, na goti lake, angefika huko kwa miguu ya Bakari.

Mwezi ule Husseinali alinunua mnadani sanduku la pasi za umeme. Zilitoka hoteli moja ya bara iliyofunga milango, zilikuwa za Kijerumani, nzito, imara, na zote zilikuwa zimekatwa plagi.

"Nipe kijana mmoja mwenye mkono mzuri anifungie plagi," alimwambia Anselmo.

"Bakari."

"Ataweza?"

"Huyu hata akisinzia anafunga."

Bakari akaketi sakafuni mle ghalani na sanduku lake. Alikata ganda la waya wa pasi ya kwanza, akazitazama nyaya za ndani, akazitazama tena, akainuka akaenda mezani. Anselmo alikuwa ameinamia hesabu za vijana, akizisahihisha kwa haraka kabla mwanga haujaisha. Kengele ya bati ilikuwa pale, kati yao, kwenye pembe ya meza.

"Mwalimu, humu hamna kijani."

"Mwekundu yupo?"

"Yupo."

"Mweusi?"

"Yupo. Wa tatu ni wa kijivu."

Anselmo hakuinua uso. "Basi aliyebaki ni nani? Imba."

Bakari akaimba kwa sauti ya chini, mpaka akafika mstari wa mwisho.

"Umejijibu," Anselmo alisema. "Kijani kikizeeka hupauka. Zimekaa juani hizo. Funga."

Bakari akasimama kidogo, vidole vyake vikiuchezea waya. Kisha akarudi sakafuni akafunga zote, mwekundu kwenye moto, mweusi kwenye kurudi, na yule wa kijivu kwenye udongo, kama wimbo ulivyosema. Hapakuwa na soketi hai ya kuzijaribia. Husseinali alikuja akazibeba, akazipanga dirishani mwa duka.

Asubuhi ya Jumamosi ya juma lile, darasa likiwa limekutana mapema kujiandaa kwa mtihani, ilisikika sauti ya Fatmabai, mkewe Husseinali, kutoka ghorofani juu ya duka.

"Husseinali! Pasi yako imenipiga!"

"Pasi imekupiga?" Husseinali alijibu kutoka chini, akiwakonyeza vijana. "Miaka yote hii mie sijathubutu, pasi imethubutu?"

"Cheka! Cheka! Njoo uishike wewe, halafu ucheke!"

Vijana walicheka. Anselmo hakucheka. Alipanda ngazi akivuta mguu, akamkuta Fatmabai amekaa kitini, mkono wake wa kulia ameushika kwa wa kushoto kama mtu anayebeba ndege aliyejeruhiwa.

"Mama, ulivaa nini miguuni?"

"Mitalawanda yangu hii ya mti. Kwa nini waniuliza miguu, nimeumia mkono!"

"Na pasi ulishika wapi?"

"Chini yake, penye chuma. Nimengoja, nimengoja, haipati moto. Nikaigusa nione."

Anselmo akachomoa plagi, akaomba bisibisi. Akafungua plagi kwanza: kila waya ulikuwa mahali pake, kazi safi ya Bakari. Ndipo akafungua pasi yenyewe, jambo ambalo hakuna aliyelifanya. Mweusi na wa kijivu walikwenda kwenye koili ya kutia joto. Mwekundu hakwenda kokote. Alikuwa amekazwa kwa skrubu kwenye mwili wa pasi, chuma kwa chuma.

Alikaa sakafuni. Alielewa pale pale, na kuelewa kwenyewe kulikuwa kama kuanguka tena kutoka kwenye nguzo. Waliotengeneza pasi zile walikuwa na wimbo wao. Kwao, mwekundu ndiye mwana wa nchi. Na kijana wake, kwa utiifu wote, alikuwa amechukua moto wa serikali nzima akaufunga kwenye chuma ambacho mtu hukishika kwa mkono. Pasi isiyopata joto, ili kila mtu ajaribu kuigusa.

"Bwana Husseinali," alisema, "umeuza ngapi?"

Husseinali alikuwa amesimama mlangoni, kicheko kimemwisha. "Mbili. Nyingine zote ziko dirishani."

"Za nani?"

"Moja ya fundi cherehani wa Temeke, yule mwenye kibanda karibu na soko. Moja nilimuuzia mama mmoja wa kusini, anafua na kupiga pasi nguo za watu. Jana jioni."

"Anakaa wapi?"

"Kinondoni, alisema."

"Kinondoni wapi?"

"Kinondoni, Anselmo! Mie nauza pasi, sipeleki posa!" Kisha, kwa sauti nyingine: "Aliniuliza nani amefunga plagi. Nikamwambia vijana wako. Akafurahi sana. Akasema, ni mtu wa kwetu."

Nyuma yake, kwenye ngazi, alikuwa amesimama Bakari. Alikuwa amesikia yote.

"Mwalimu," alisema, "niliimba sawasawa."

"Nenda Temeke. Kimbia. Mwambie fundi asiichomeke."

"Mwalimu, niliimba—"

"Kimbia!"

Bakari akakimbia. Anselmo akachukua baiskeli ya Husseinali, akaelekea Kinondoni.

Fundi cherehani wa Temeke hakuwa na umeme kibandani. Aliinunua pasi kwa ajili ya siku ambayo angekuwa nao. Bakari aliikuta ingali ndani ya gazeti. Kwa hiyo ikabaki moja tu chini ya jua, na mwanamke mmoja asiyejulikana jina, na mtu mmoja mwenye goti bovu juu ya baiskeli.

Alipita Ilala, akapita Magomeni, akisukuma kwa mguu mmoja na kuuburuta mwingine. Alipofika Kinondoni alianza kuuliza. Mnamjua mama wa kusini anayefua nguo? Wa kusini wako wengi, baba. Wa kusini mwenye ndonya mdomoni au asiye nayo? Chini ya kibanda cha makuti vijana waliokuwa wakicheza bao walimwona akitoka jasho, akiwa amefunga suruali yake kwa kamba ya baiskeli.

"Mzee, umekimbiwa?"

"Natafuta pasi."

"Pasi, au mwenye pasi?"

"Wote wawili, wanangu. Nisaidieni."

Wakacheka, wakarudi kwenye kete zao. Anselmo akageuka, akatazama nyumba zilivyotapakaa, makuti kwa makuti, mihogo katikati, minazi, njia za miguu zikipindana kama nyuzi zilizochezewa na paka. Nyumba moja moja ingemchukua mpaka kesho. Na pengine mwanamke yule alikuwa wakati huohuo akiinama, akichomeka, akingoja.

Akainua macho. Usitafute mwanamke, alijiambia. Tafuta waya.

Maana umeme wa Kinondoni wakati ule ulikuwa wa barabara moja. Nguzo zilikwenda zimejipanga, na penye nyumba ya karani au ya mwenye cheo kidogo, waya ulishuka ukaingia ukutani. Pasi ingeweza kuua katika nyumba hizo tu. Alizifuata, akabisha hodi moja, akabisha ya pili. Hapa hapana. Hapa mwenyewe hayupo. Hapa mlango umefungwa, lakini waya umeingia, na nani ajuaye aliye ndani? Goti lilikuwa limevimba hata suruali ikambana. Kisha akaiona, mwanzoni mwa safu, nguzo pacha iliyobeba transfoma, na chini ya transfoma masanduku ya fyuzi za barabara nzima.

Aliisimamisha nguzo ile yeye mwenyewe. Alikumbuka shimo lake.

Hakuwa na mkanda wala glavu. Alivunja mwanzi mkavu kwenye ua wa mtu, akauuma kwa meno, akapanda, mguu mmoja ukikwea na mwingine ukining'inia. Huko juu akakumbatia mti wa nguzo kwa mkono wa kushoto, na kwa ncha ya mwanzi akazing'oa fyuzi moja baada ya nyingine. Zilianguka chini kwenye mchanga, pu, pu, pu.

Hakuna kilichotokea. Jua lilikuwa utosini, hakuna taa iliyokuwa inawaka ili izimike. Gramafoni ya umeme ya nyumba moja ilipunguza mwendo, sauti ya mwimbaji ikazama kama mtu anayepitiwa na usingizi, ikakoma. Basi. Kinondoni haikujua kwamba imezimwa. Lakini Anselmo alijua, na kwa muda mfupi, akiwa amekumbatia nguzo ile, paji lake la uso likiwa juu ya mti wenye harufu ya lami, alipumua. Kwa sasa hakuna pasi iliyoweza kumdhuru mtu. Hata ile.

Akateremka. Akafuata waya nyumba kwa nyumba, akiwa na nafasi sasa. Nyumba ya sita au ya saba ilikuwa na watu wengi barazani. Wanawake walikuwa wamefunga kanga viunoni. Hakuna aliyekuwa akilia kwa sauti. Walikuwa wameshalia, wamefika pale ambapo kilio hukaa kimya na kungoja wageni.

Mama mmoja mnene, Filomena, ambaye mumewe alikuwa karani na ndiye mwenye nyumba, alimpisha mahali pa kukaa akidhani amekuja msibani.

"Umesikia vipi mapema hivi, baba? Wengine hata hatujawatumia habari."

"Ni nani?" Anselmo aliuliza.

"Margareta. Alikuwa akinipigia pasi nguo za mume wangu, nami nikamruhusu atumie soketi yetu kwa kazi zake. Leo alfajiri amekuja na pasi mpya. Ameipamba kwa kitambaa, utadhani mtoto anapelekwa ubatizo." Filomena akajifuta uso kwa pindo la kanga. "Akaichomeka. Tukangoja. Akalowesha kidole kwa mate akaidonoa, kama tunavyofanya kwa pasi ya mkaa tusikie inavyochemka. Sijui hata kama kilifika, kile kidole. Alikuwa peku, sakafu nimetoka kuipiga maji."

Anselmo aliitazama sakafu. Ilikuwa imekauka.

"Nilimwambia Margareta, ngoja mume wangu aamke aitazame kwanza. Akaniambia, hii haina wasiwasi, imefungwa na vijana wa Anselmo, yule wa kwetu. Akaniimbia na wimbo wao. Alikuwa anaujua wote." Filomena akageuka. "Wewe ni nani wake, baba?"

Midomo ya Anselmo ilifunguka. Jina lake lilikuwa pale, lilikataa kutoka.

"Mtu wa kwao," alisema.

Askari walimkuta amekaa barazani pale, fyuzi zimejaa mifukoni. Alikuwa ameziokota zote kabla ya kuondoka kwenye nguzo, kwa mazoea ya kazi.

Hakimu alimfunga majuma mawili kwa kuharibu mali ya kampuni ya umeme. Juu ya kifo cha Margareta iliandikwa ajali. Anselmo aliomba aseme, akaeleza rangi, akaeleza pasi za Wajerumani, akasema kosa ni la wimbo na mwenye wimbo ni yeye. Mkalimani alijikunakuna kichwa, akafasiri maneno machache. Hakimu aliuliza tena habari za nguzo. Habari za wimbo hakuuliza.

Gerezani hakulala vizuri, si kwa sababu ya sakafu. Alikuwa akiwahesabu vijana wake kwa nyuso. Mmoja Morogoro. Mmoja kwenye kiwanda cha mkonge Tanga. Wawili wako mjini, wanaingia nyumba za watu. Kila mmoja ameubeba wimbo mfupani, na yeye ndiye aliyehakikisha kwamba hautoki. Laiti ungekuwa kama mweusi, wa kurudi. Lakini wimbo ukishatoka haurudi.

Alipofunguliwa aliwaendea wale aliowafikia. Fransis, ambaye sasa alikuwa msaidizi wa fundi mmoja Ilala, alimkaribisha, akampa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho.

"Shikamoo yangu ni ileile, mwalimu," alisema, na safari hii hakuwa na mzaha. "Lakini wimbo huu ndio ulionipa kazi. Leo unaniambia nisiuimbe. Niimbe upi?"

"Usiimbe."

"Nishike waya kimyakimya?"

Anselmo akaaga. Njiani alikutana na watoto wa kike wakirukia kamba. *Mwekundu abeba moto.* Aliwaomba waache. Wakamtazama, wakatazamana, wakacheka kwa kuona mtu mzima anaogopa mchezo, wakauimba kwa nguvu zaidi mpaka akapinda kona.

Alikwenda Kisarawe. Mama yake Bakari alitoka nje akasimama mlangoni, mikono ameshika fremu zote mbili.

"Hayupo."

"Mama, mtihani ni juma lijalo."

"Nimesema hayupo. Tangu arudi hashiki hata taa ya chemli, namuwashia mie. Usiku anaamka anapiga makofi. Mwalimu, nilikupa mtoto mzima."

Nyuma yake lilikuwa pazia, na chini ya pazia miguu miwili myembamba iliyosimama bila kutikisika. Anselmo aliitazama ile miguu. Aliiamkia kimoyomoyo, akaondoka.

Darasa lilikuwa limebaki na vijana wachache, waliokuwa wakija kwa sababu hawakuwa na pengine pa kwenda. Husseinali hakumnyang'anya ufunguo. Pasi zote alizitia tena sandukuni, akaliweka ghalani, hakuna aliyetaka kuligusa. Anselmo aliingia kila alasiri, akakaa mezani, vijana wakakaa sakafuni. Hakufundisha. Alikuwa akiwapa hesabu za shuleni, za mabomba na matangi ya maji. Kengele ya bati haikulia tena. Kina mama wa barazani hawakujua tena saa ngapi darasa linaingia.

Alasiri moja mlango ukafunikwa na kivuli. Alikuwa Bakari. Amekonda zaidi, shati limetiwa vumbi la njia nzima ya Kisarawe. Hakuamkia. Alikwenda moja kwa moja kwenye sanduku, akatoa pasi moja, akaing'oa plagi aliyoifunga kwa mkono wake, akaiweka pasi juu ya meza, ncha tatu za waya zikiwa zimemwelekea mwalimu. Nyeusi, ya kijivu, nyekundu.

"Nilikuuliza," alisema.

"Uliniuliza."

"Sikuona ubaya kuuliza, ila nilijua hutaki. Nikauliza hivyohivyo. Ukaniambia niimbe."

"Ndiyo."

"Nimekaa siku zote hizi nikitafuta nilipokosea, mwalimu. Nimeimba nimerudia. Halafu jana nimekumbuka meza." Akanyoosha kidole kirefu kwenye pembe ya meza, kwenye kile kipande cha ubao chenye msumari na ulimi wa bati. "Ile ilikuwa hapa. Ncha moja kwenye chuma cha pasi, ncha nyingine kwenye kila waya. Ingelia kwa mmoja tu, ule uliofungwa kwenye chuma. Kitu cha kwanza ulichonifundisha. Ilikuwa hapa, mwalimu, kati yangu na wewe!"

Vijana sakafuni waliinamisha vichwa. Nje mbuzi wa Husseinali alilia, na hakuna aliyecheka.

Bakari alipangusa uso kwa kiganja. Kisha akauinua waya mmoja kwa vidole viwili, akamshikia Anselmo mbele ya macho, karibu kabisa, kama hakimu anayemwonyesha mshtakiwa kisu.

"Huu mwekundu," alisema, "ni nani?"

Anselmo aliutazama. Mapigo ya wimbo yalikuja yenyewe, yalipanda kutoka kwenye mfupa, yakafika mikononi, na mikono yake miwili ikainuka ili ipige makofi. Akaikamata yenyewe kwa yenyewe, akaishusha juu ya meza. Halafu akaivuta kengele ya bati karibu, akaipangusa vumbi kwa ukingo wa shati, akausukuma ule ubao taratibu mpaka ukagusa vidole vya Bakari.

"Sijui, mwanangu," alisema, kwa sauti ya chini kiasi kwamba waliokaa nyuma hawakumsikia. "Tuiulize hii."